Barabara imefungwa kwa ajili ya tamasha la baiskeli: mwenda kwa miguu avuke vipi?

Mkazi wa Kando ya Njia

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mtaa wetu umo katika njia ya tamasha kubwa la baiskeli, ambapo maelfu ya watu watapita katika barabara zilizofungwa kwa magari tangu asubuhi hadi alasiri. Kamati ya mtaa imeletewa mpango wa waandaaji ili itoe maoni. Sehemu inayowahusu waenda kwa miguu ni fupi mno: inasema tu kwamba penye kivuko atasimama msimamizi mwenye filimbi, na kwamba watu watavuka pale nafasi itakapopatikana. Barabara yenyewe ina upana wa mita 9 hivi, na wapo wazee na wagonjwa ambao hawana budi kuivuka siku hiyo. Wengi wanasema barabara itakuwa salama kuliko siku zote, maadamu hakuna gari. Je, mpango huu unatosha?

Msimamizi wa Vivuko

Ndugu mleta mada, hautoshi, na hesabu ndogo inaonyesha sababu yake. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo mita 9 zitamchukua sekunde 7 na nusu. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde atahitaji sekunde 11 na zaidi. Mwendesha baiskeli aliye katika kasi ya kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde, maana yake ni kwamba mzee huyo anahitaji zaidi ya mita 110 za barabara tupu kabla hajainua mguu. Katika tukio la watu wengi, nafasi ya namna hiyo hupatikana mwanzoni, wakati vikundi vya wenye kasi vinapita kwa kuachana, na tena mwishoni. Katikati ya asubuhi mkondo huwa haukatiki. Hapo ndipo watu huchoka kungoja, wakasogea hatua kadhaa mbali na msimamizi na kujaribu kukimbia, na ajali nyingi ninazozihofia ni za hapo, wala si za kivukoni penyewe.

Njia ninayoiamini ni kuigawa barabara. Hutengwa kisiwa katikati kwa vizuizi, chenye nafasi ya kutosha watu kusimama pamoja na viti vya magurudumu. Wasimamizi huwaelekeza waendeshaji wote wapite upande mmoja, na waenda kwa miguu huvuka nusu ya kwanza ambayo imeachwa wazi. Kisha mkondo huhamishiwa upande ule waliokwisha kuuvuka, nao waenda kwa miguu humalizia nusu iliyobaki. Hakuna mwendeshaji anayelazimika kusimama, na mzee havuki zaidi ya mita 4 na nusu kwa mara moja. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja mwenye filimbi. Inahitaji kikosi chenye kiongozi mmoja ambaye amri yake pekee ndiyo inayofuatwa, kwa sababu amri mbili zinazopishana ni hatari kuliko kutokuwepo amri.

Mwendesha Baiskeli

Naunga mkono, nami naomba kuongeza upande wetu. Tukiwa ndani ya kundi, aliye nyuma huona mgongo wa aliye mbele tu, na gurudumu lake liko chini ya mita moja kutoka gurudumu la mwenzake. Mwendeshaji aliye peke yake katika kasi iliyotajwa hapo juu anahitaji takriban mita 20 kusimama kwenye lami kavu, ikiwa ni pamoja na sekunde moja ya kung'amua. Kundi haliwezi kusimama hivyo: wa mbele akikaba breki ghafla, wa nyuma humwangukia. Filimbi nayo haisaidii sana, kwa kuwa upepo masikioni huimeza mpaka uwe umeshafika karibu. Kwa hiyo tahadhari ianze mbali, mita 150 au 200 kabla, kwa bendera na mabango makubwa, na kivuko kisiwekwe chini ya mteremko wala mara baada ya kona.

Watazamaji nao wasisahaulike. Katika hatua ya kwanza ya Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ya mwaka 2021, mtazamaji mmoja alinyoosha bango barabarani huku uso wake ukielekea kamera, mwendeshaji Tony Martin akaligonga, na sehemu kubwa ya msafara ikaanguka. Wale walikuwa waendeshaji bora duniani.

Msindikizaji wa Wasioona

Naomba kamati iwakumbuke wanaovuka kwa kusikiliza. Gari hujulisha ujio wake kwa mngurumo, ilhali baiskeli haina sauti ya kutegemewa, na makelele ya watazamaji hufunika hata ile kidogo iliyopo. Isitoshe, waendeshaji hutanda upana wote wa barabara, kwa hiyo anayetazama au kutega sikio upande uliozoeleka tu hupitiwa na wale wanaotokea upande mwingine. Msimamizi aseme kwa sauti, "Vukeni sasa," na ajitolee kumpa mkono anayeuhitaji, lakini amwulize kwanza. Miguu ya vizuizi vya chuma iwe bapa, maana iliyochomoza huwakwaza hata wenye macho mazima.

Mkazi wa Kando ya Njia

Nawashukuru sana. Waandaaji wakisema kwamba washiriki hawatakubali kupunguza mwendo kwa kuwa muda wao unapimwa, tuwajibu nini?

Msimamizi wa Vivuko

Waombeni wakiondoe kipande hicho katika hesabu ya muda: wanaweka mkeka wa kupimia, yaani ule wa barabarani unaorekodi muda wa kila mwendeshaji anapoupita, kabla ya kivuko na mwingine baada yake, na dakika za katikati hazihesabiwi. Mwendeshaji hapotezi kitu kwa kwenda polepole, na washiriki waelezwe hivyo kabla ya siku yenyewe. Vilevile takeni saa ya gari la mwisho, yaani lile la waandaaji linalofuata nyuma ya waendeshaji wote, iandikwe katika mpango, pamoja na jina la cheo cha anayetangaza kwamba barabara imefunguliwa, kwa sababu kati ya mwendeshaji wa mwisho na gari la kwanza kuna dakika ambazo kila mtu hujiamulia mwenyewe.