Mwendeshaji wa uwanja wa ndege anapoahidi kutotoa kaboni, anahesabu moshi wa nani?

Mkaazi wa Port Reitz:
Ndugu zangu, salaam. Ninaishi karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, na ninafuatilia ahadi za waendeshaji wa viwanja vya ndege kuhusu tabianchi. Baraza la viwanja vya Ulaya liliahidi mwaka 2019 kwamba ifikapo 2050 wanachama wake hawatakuwa wakiongeza hewa ya ukaa angani, na baraza la dunia likafuata mwaka 2021. Hata hivyo ndege zinaendelea kuruka usiku na mchana. Je, ahadi hizo zinahesabu moshi wa ndege, au zinaishia kwenye taa na magari ya uwanja?

Fundi wa Anga:
Swali lako limegonga penyewe. Hesabu za kaboni hugawanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni kile ambacho mwendeshaji anakichoma mwenyewe, kama vile dizeli ya jenereta na ya magari ya zimamoto. La pili ni umeme anaoununua. La tatu ni vyote vinavyotolewa na wengine kwa sababu uwanja upo, yaani ndege, teksi na magari ya abiria. Ahadi nyingi zinahusu mafungu mawili ya kwanza tu, ilhali sehemu kubwa mno ya uchafuzi imo katika la tatu.

Hapo Mombasa kuna mfano mzuri. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), kwa fedha za Umoja wa Ulaya, lilisaidia kujenga mtambo wa sola wa takriban kilowati 500 kwa ajili ya kuhudumia ndege zikiwa zimeegeshwa. Ndege ikisimama bila huduma hiyo, huwasha injini ndogo iliyo mkiani ili ipate umeme na ubaridi, na kwa joto la Pwani ubaridi huo si jambo dogo. Ikiunganishwa na umeme na hewa baridi kutoka chini, rubani anaizima injini ile. Mradi ulikadiriwa kuokoa angalau tani 1,300 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Tukumbuke kwamba umeme wa gridi ya Kenya kwa sehemu kubwa unatokana na jotoardhi, maji na upepo, kwa hiyo faida kubwa ya mradi inatokana na mafuta ya ndege ambayo hayakuchomwa.

Mpenda Hesabu:
Ninaongezea hapo, kwa sababu tani 1,300 zinahitaji kipimo cha kulinganishia. Kila kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za hewa ya ukaa. Ndege kubwa ikichoma tani 40 za mafuta katika safari ya Ulaya, inatoa zaidi ya tani 126. Kwa hiyo akiba ya mwaka mzima ya mradi ule inalingana na safari kama 10 za namna hiyo, za kwenda tu. Sisemi mradi hauna maana, kwani mwendeshaji amefanya lililo katika uwezo wake, na waliokuwa wakivuta moshi ule pale chini ni wapakiaji na mafundi. Ninachokipinga ni akiba hiyo kutangazwa kana kwamba usafiri wa anga umesafishwa.

Mkaazi wa Port Reitz:
Nimeelewa, na nawashukuru. Basi mwendeshaji anaweza kufanya nini kuhusu fungu la tatu, ikiwa ndege si zake?

Fundi wa Anga:
Ndege si zake, lakini ada za kutua anatoza yeye. Nchini Sweden, shirika la serikali la Swedavia, lenye viwanja 10, lilifikia mwaka 2020 hatua ya kutotoa kabisa kaboni ya mafuta ya kisukuku katika shughuli zake lenyewe. Hatua iliyo na uzito zaidi kwangu ni ile ya mwaka 2022, ambapo ada za kuruka na kutua katika viwanja vya Arlanda na Landvetter zilianza kutofautiana kulingana na athari ya ndege kwa tabianchi, na hilo liliwekwa na sheria. Kabla ya hapo, kibali cha mazingira cha Arlanda kilikuwa kimeweka kikomo cha utoaji wa kaboni kilichojumuisha hata magari yanayowaleta abiria, na ndiyo maana mwendeshaji alikuwa na sababu ya kujali treni na mabasi.

Mpenda Hesabu:
Kwa hiyo, ndugu yangu wa Port Reitz, ukipata nafasi katika kikao cha maoni ya wananchi, omba takwimu moja: tani za mafuta yaliyotiwa ndegeni uwanjani kwa mwaka. Ukiipata, zidisha kwa 3.16, kisha iweke kando ya ahadi waliyoitangaza.