Mrejesho: zile spaida zangu za chini ya mwarobaini

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa pili niliuliza nifanyeje na spaida zangu (spider plant, yale maua ya majani marefu membamba yenye mstari mweupe) hapa Kisasa, Dodoma: zimesongamana chini ya mwarobaini, katikati pamekufa, majani yamepauka. Asanteni sana wote mlionijibu.

Nilimfuata mama aliyesema nizigawe jioni, udongo ukiwa bado una unyevu wa mvua. Nilipong'oa kichaka cha kwanza nilishangaa. Mizizi minene, myeupe, imejisokota kama ukili mpaka jembe halipenyi. Nikailoweka kwenye ndoo, nikapasua kwa kisu cha jikoni, kila kipande nikakiachia mizizi yake na majani yake. Shimoni samadi ya mbuzi iliyooza, juu majani makavu.

Vipande 14, vimeshika 11. Kimoja kilifukuliwa na kuku. Viwili nilivipanda karibu kabisa na shina, na mwarobaini ukanyonya maji yote. Mzee uliyenionya nisogee hatua mbili, ulisema kweli, nisamehe sikukusikiliza.

Ncha za kahawia bado zipo kwenye majani ya zamani. Ila tangu niache maji ya kisima, ambayo huku yana chumvi, na kumwagilia ya mvua niliyokinga kwenye pipa, majani mapya yanatoka safi, ule mstari mweupe unaonekana vizuri. Pipa limebaki nusu na kiangazi ndiyo kwanza kimeanza, kwa hiyo nabania: asubuhi, mara mbili kwa wiki.

Vitoto, yaani vile vimiche vinavyoota kwenye vikonyo, vimeanza kuning'inia. Aliye Dodoma akitaka mbegu aseme, nitamgawia.