Tupeane uzoefu: Kuotesha nyasi mbichi nyumbani kwa ajili ya simbilisi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninafuga simbilisi wawili majike katika nyumba ya kupanga hapa Arusha, na huu ni mwaka wa tatu. Nimeona tuwe na uzi wa jambo hili kwa sababu kila ninapouliza habari za chakula chao huambiwa karoti na kabichi, ilhali chakula hasa cha mnyama huyu ni nyasi. Meno yake hukua maisha yake yote, na asipotafuna nyasi kutwa nzima hurefuka mpaka akashindwa kula. Tena mwili wake, kama wetu sisi binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo ni lazima aipate katika chakula kila siku.

Mwanzoni nilikuwa nikiwakatia ukoka kando ya barabara. Siku moja niliwaletea fungu lililonawiri vizuri, na ilipofika jioni mmoja wao alikuwa amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, hagusi chochote. Daktari wa mifugo aliniuliza nyasi nilizikata wapi. Niliporudi pale baada ya siku chache nilikuta ukingo mzima umegeuka manjano, kwani palikuwa pamepuliziwa dawa ya kuua magugu. Alipona baada ya siku nne za kulishwa uji wa majani kwa bomba la sindano, na tangu hapo sijamlisha jani nisilojua limeota wapi.

Sasa ninanunua sokoni ngano nzima ya kula. Mbegu ya kupanda inayouzwa katika maduka ya pembejeo siitumii kamwe, maana mara nyingi huwa imepakwa dawa, na rangi yake nyekundu au ya kijani ndiyo alama ya kujihadhari. Ninaiosha, ninailoweka usiku kucha, kisha ninaitandaza juu ya udongo wa kina cha vidole vitatu katika trei zilizotobolewa chini, na kuifunika kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili hadi ichipue. Kati ya siku ya nane na ya kumi majani hufikia urefu wa kiganja, nami huyakata kwa mkasi juu kidogo ya udongo ili yachipue tena, ingawa mavuno ya pili huwa hafifu. Nina trei nne ninazozipanda kwa kupishana siku tatu tatu, hivyo hazikosi majani.

Kosa nililolifanya ni kuwapa trei nzima siku ya kwanza, baada ya miezi mingi ya nyasi kavu peke yake. Walikula kwa furaha iliyonigusa moyo, lakini asubuhi kinyesi kilikuwa laini kama tope. Nilianza upya na majani machache tu, nikaongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Nyasi kavu hazijaondoka kizimbani, na kipande cha pilipili hoho ninawapa kila siku kwa ajili ya hiyo vitamini. Siku hizi nikivuta droo ya mkasi tu, wote wawili huanza kupiga mluzi.

Naomba nanyi mtueleze mnaotesha nini, na kwa namna gani.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Ndugu mleta mada, ahsante sana. Huku kwetu adui ni joto na unyevu. Trei zangu tatu za mwanzo niliotesha bila udongo, na siku ya tatu nikaona utando mweupe chini ya mbegu, nikazitupa zote. Baadaye nilikuja kugundua kwamba mojawapo haikuwa na ukungu, bali vinyweleo vya mizizi, ambavyo hulala na kutoonekana mara vinaponyunyiziwa maji. Ukungu hauondoki kwa maji, huvuka kutoka punje moja hadi nyingine kama utando wa buibui, na una harufu ya uvundo. Nikiisikia harufu hiyo sinusuru hata kona moja ya trei. Sasa ninatandaza mbegu tabaka moja tu, ninazisuuza asubuhi na jioni, na trei nimezihamishia barazani penye upepo.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Nitasema moja tu. Msioteshe mtama kwa sababu ya urahisi wa kuupata. Machipukizi yake machanga yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi. Shayiri, ngano au mahindi yanatosha.

Mchangiaji kutoka Bukavu

Sisi huku tunamwita dende, na wengi humfuga kwa ajili ya nyama, lakini wanangu wana wawili wasioguswa. Tumepanda matete mpakani mwa kiwanja. Tunayakata asubuhi, tunayatandaza kivulini mpaka umande ukauke, na hatuyarundiki kamwe, kwani majani yaliyorundikwa hupata moto ndani, na dende akiyala tumbo humjaa hewa.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Ndugu wa Dar es Salaam, katika joto hilo unaloweka mbegu kwa saa ngapi? Leo nimepanda trei moja ya shayiri bila udongo kwa utaratibu wako, na nitaleta picha siku ya nane.