Tupeane uzoefu: kushtakiwa kumtorosha mtoto uliyemzaa mwenyewe (Marekani)

Mama Nuru: Poleni na shifti wadau. Kwetu mke akichoshwa anabeba watoto anaenda kwao, wazee wanakuja kusuluhisha. Huku ukivuka mpaka wa jimbo na mtoto, unaweza kuamkia pingu. Naanza mimi.

2019 niliondoka Ohio usiku na binti yangu wa miaka sita, hao kwa dada Texas. Ndoa ilikuwepo, amri ya mahakama hakuna. Wiki ya tano ikaja bahasha: mwenzangu keshafungua kesi Ohio. Nikasema isiwe tabu, nami nafungua hapa. Karani akanipa fomu inayouliza mtoto ameishi wapi na nani kwa miaka mitano iliyopita. Nikajaza: Ohio, Ohio, Ohio, na chini kabisa Texas wiki tano. Kalamu yangu mwenyewe ikanishinda kesi. Karibu majimbo yote yana sheria moja tangu ile ya mfano ya 1997, iliyotungwa ili majimbo yaifuate: mahakama yenye neno ni ya jimbo alikoishi mtoto miezi sita mfululizo kabla ya kesi. Nilimrudisha kwa hiari, wakili akasema ndiyo iliyoniokoa na jinai.

Dereva wa Semi: Wewe ulikuwa huna amri. Mimi ninayo, imepigwa mhuri. Watoto wangu ilikuwa warudi kwa mama yao Missouri Jumapili saa kumi na mbili jioni. Tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya hela ya matumizi, nikawashikilia siku kumi na moja. Sikujificha, simu nilipokea! Miezi miwili baadaye polisi akanisimamisha kwa taa mbovu ya nyuma, akarudi kwenye gari lake, akakaa mno. Kumbe kuna hati ya kunikamata. Nililala ndani siku tatu nikisubiri jimbo lile linifuate. Na kama una grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), usikiri kosa lolote kabla wakili wa uhamiaji hajalisoma.

Kijana wa Pangani: Jamani, mtoto si wa baba? Iweje baba ashtakiwe?

Mama Nuru: Mdogo wangu, kwa Ohio kama hamkufunga ndoa, mtoto ni wa mama mpaka mahakama iseme vingine. Usije ukamchukua shuleni ukidhani una haki.

Bi Kizunguzungu: Mimi nilikimbia kipigo, naomba msitupime wote kwa kibaba kimoja. Nilivuka jimbo na wanangu wawili na mfuko mmoja wa nguo. Mwanamke wa nyumba ya hifadhi akanipeleka mahakamani kesho yake asubuhi, hata chai sijanywa. Nilikuwa na karatasi ya hospitali na picha za shingo yangu. Jaji wa kule nilikokimbilia alitoa amri ya dharura ya muda, akazungumza na jaji wa jimbo la kwanza. Kesi ya ulezi ilibaki kule, lakini hakuna aliyeniita mtekaji. Ningechelewa mwezi, sijui.

Baba Wa Mbali: Yangu ilivuka bahari. Fomu ya pasipoti ya mtoto niliisaini mwenyewe posta, maana chini ya miaka 16 wanataka wazazi wote wawili. Mama yake aliniaga anaenda naye Tanga wiki tatu. Sasa mwaka wa pili.

Ipo sheria ya Marekani ya 1993, kumpeleka mtoto nje ili kumnyima mzazi mwenzio haki yake ni hadi miaka mitatu jela. Wakili ananisukuma niitumie. Lakini Tanzania haimo kwenye mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudisha watoto, kwa hiyo kesi itamfungia mama yake mlango wa kurudi, na mtoto atabaki kule kule. Nimeshaanza kutafuta wakili Tanga.

Jana kwenye video aliniuliza, "Baba, huko ni usiku?" Kiingereza kimeshamtoka.

Dereva wa Semi: Kaka, njoo inbox. Ninaye shemeji pale Tanga mjini, anawafahamu mawakili.