Elki Colorado, ardhi ya umma, milima hatuijui: tuanzie wapi?

Mtoka_Iowa:
Wakuu habari za humu. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu. Mimi na shemeji yangu tunaishi Iowa, na huku tunawinda kulungu pembeni ya mashamba ya mahindi, tumekaa juu ya mti na shotgani. Mwaka huu tumeamua kwenda Colorado, msimu wa pili wa bunduki mwishoni mwa Oktoba, kwa leseni ya dume la elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, ile isiyohitaji droo ya bahati nasibu. Tunafikiria Flat Tops, ile milima ya kaskazini magharibi ya Colorado, tuingilie upande wa mji wa Meeker. Hatuna mwongozaji, hatuna farasi, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kukanyaga huko.

Shida yangu ni ramani. Nikiifungua naona msitu wa taifa kila upande, kichwa kinauma. Mtu anaanzaje kuchagua pa kwenda? Shemeji anasema tutembee maili sita ndani tupige kambi huko, eti ndiko waliko. Mimi naona anataka kutuua. Nimenunua bunduki ya .308, hema tunalo. Kitu gani kingine ni cha lazima? Leseni ya mtu wa jimbo jingine ni zaidi ya dola 800, kwa hiyo mfuko umeshapigwa.

Kigongo:
Karibu mkuu. Naishi huku magharibi ya Colorado, naendesha lori, na ikifika Oktoba mke wangu ananihesabu kama msafiri.

Nianze na maili sita za shemeji. Dume aliyekomaa anafika kilo 300 hivi akiwa mzima. Ukitoa nyama na kuacha mifupa, una kilo 90 au zaidi, bado kichwa. Wawili nyie mtabeba raundi mbili mbili, kila begi kilo 25 mpaka 30 ukijumlisha vitu vyenu. Sasa piga hesabu: kutoka na mzigo maili sita, kurudi sita, kutoka tena sita. Maili 18 kwa kila mtu, juu ya futi elfu kumi, na hema bado liko kule kule. Kama jua linawaka nyama ya mwisho itafika kwenye gari imeshaanza kunuka.

Kwa hiyo chagua mahali ukianzia kwenye nyama, siyo kwenye mnyama. Jiulize: nikimwangusha hapa saa kumi na moja jioni, anatokaje? Usipopata jibu, hapo si pa kuwinda, hata kama wamejaa.

Tena umbali peke yake haumfukuzi mtu. Njia nzuri ya maili tano, wenye farasi wanaipita kabla hujafunga kamba za buti. Kinachochuja watu ni mwinuko mkali na miti iliyolala ovyo. Maili moja na nusu ya namna hiyo utakuwa peke yako. Angalia tu usitelemke bondeni kwa furaha ukasahau kwamba mzigo utapanda.

Ramani sasa. Idara ya misitu ya Marekani inatoa bure ramani ya barabara zinazoruhusiwa magari. Ipakue. Kila barabara iliyo wazi iwekee ukanda wa maili moja kila upande na ufute vilivyomo. Msitu ule utapungua mpaka ushangae. Kwenye kilichobaki tafuta vitu vitatu vilivyo karibu karibu: majani ya kula, maji, na msitu mzito wa misonobari kwenye mteremko unaotazama kaskazini, maana huko ndiko wanakojificha mchana. Ndani ya mteremko huo angalia mahali mistari ya mwinuko inapoachana kidogo kisha inabana tena. Hicho ni kibaraza, na elki anapenda kulala kwenye kibaraza, mgongo kwenye mlima, macho chini.

Weka alama sehemu tano, siyo moja. Wengi wanaorudi mikono mitupu waliipenda sehemu moja wakakaa nayo wiki nzima. Ukifika usitafute elki kwanza, tafuta dalili mbichi: kinyesi kinachong'aa na kubonyea, nyayo zenye kingo kali ambazo jua halijazila. Ukiingia msituni ukasikia harufu kama ya zizi la ng'ombe, simama hapo hapo, shika bunduki vizuri, walikuwa hapo muda si mrefu au wapo. Ukimaliza siku moja na nusu bila dalili mbichi, hamia alama namba mbili. Usibembeleze mlima.

Na upepo. Iowa ulikuwa unauangalia kwenye taarifa ya hali ya hewa, huku mlima una wake. Alfajiri hewa baridi inateremka na bonde. Jua likishapiga mteremko, mara nyingi kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, inageuka kupanda. Jioni inashuka tena. Ukipanda gizani ukiwa chini yao, uko salama, harufu yao inakuja kwako. Lakini saa nne ikikukuta bado uko chini, harufu yako inapanda kwao. Ikifika muda huo uwe umeshakuwa usawa wao au juu yao. Beba kichupa cha unga laini, pulizia kila baada ya dakika chache.

Mama_Zawadi:
Mwanangu, aliyosema Kigongo kuhusu nyama sikiliza. Mimi nafanya kazi kiwanda cha nyama, kisu ndio kazi yangu, na mume wangu ndiye mwindaji. Naenda naye kwa ajili ya kuchuna tu, bunduki sina hamu nayo.

Msipasue tumbo. Mlazeni ubavu, pasua ngozi kuanzia nyuma ya kichwa mpaka mkiani kufuata uti wa mgongo, halafu vua kushuka tumboni. Mkono wa mbele hauna kiungo cha mfupa na mwili, unainua tu na kisu kinapita. Paja la nyuma inua mguu, fuata mfupa wa nyonga mpaka ukutane na kiungo cha duara, ingiza ncha ya kisu pale, zungusha, utasikia kinaachia. Msumeno wa nini? Kisha sarara ya mgongo, shingo, nyama ya katikati ya mbavu. Mgeuzeni mfanye upande wa pili. Ile sarara ndogo ya ndani mnaifikia nyuma ya ubavu wa mwisho, sukuma utumbo kwa mkono mmoja, ng'oa kwa vidole.

Kila kipande kwenye mfuko wake wa kitambaa kinachopitisha hewa, kitundikwe kivulini. Plastiki hapana! Nyama ya moto ndani ya plastiki inaharibika hata kukiwa na theluji. Mfupa wa paja ndio unaotunza joto, kwa hiyo kama mnaacha nyama usiku kucha, paja litoeni mfupa kwanza.

Jambo la sheria: hakikisho la jinsia libaki limeshikamana na nyama, kwa dume mnaacha korodani moja kwenye paja. Tagi, ile karatasi ya leseni inayofungwa kwenye mnyama, itieni sahihi papo hapo, siyo mkifika kambini. Na kwa kuwa mnarudi jimbo jingine, kichwa kizima na uti wa mgongo msivitie kwenye gari kabla ya kusoma sheria za kila jimbo mtakalopita. Majimbo mengi yanavikataza kwa sababu ya ule ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu na elki. Kichwa pelekeni kipimwe hapo hapo Colorado, halafu subirini majibu kabla ya kula.

Mtoka_Iowa:
Asante sana Mama, asante Kigongo. Shemeji amesoma, amekaa kimya, maili sita zimekufa. Maswali mawili ya nyongeza. Kwanza, mwinuko. Sisi tunaishi chini kabisa na mimi nina miaka 46. Pili, shemeji ni Mwislamu, anauliza itakuwaje kama mnyama amekufa kwa risasi kabla hajamfikia.

Salim_wa_Bonde:
La pili nijibu mimi. Anaposhika bunduki kwa nia ya kuwinda ataje jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua. Akimkuta bado yu hai, amchinje. Akimkuta amekwisha kufa kwa jeraha la risasi, analika. Hivyo ndivyo masheikh wengi wanavyosema kuhusu windo. Kisu kikali kiwe kiunoni, siyo chini kabisa ya begi.

Ila Kigongo napingana na wewe kidogo kwenye kuhamahama. Mgeni akihama kila siku anaishia kuendesha gari. Theluji ikidondoka, kaeni. Inawasukuma kushuka kutoka juu, na nyayo zinasomeka zenyewe.

Kigongo:
Salim, theluji ikidondoka hata mimi nakaa. Tatizo Oktoba inaweza kupita kavu kabisa, jua kali, na hapo elki wanashinda gizani msituni, wanatoka dakika kumi za mwisho wa mwanga. Hali hiyo ukikaa unakaa na kunguru.

Mkuu wa Iowa, mwinuko usiufanyie mzaha. Meeker iko mita 1,900 hivi, ziwa la Trappers Lake huko Flat Tops karibu 2,900, na utawinda juu ya hapo. Fikeni siku mbili kabla. Usiku wa kwanza laleni Meeker, wa pili kambini, siku hiyo mtembee kidogo tu. Kunywa maji mengi, pombe muiache mpaka mrudi. Kichwa kinauma kidogo, hiyo kawaida. Kikizidi, mtu akaanza kutapika, kuyumba, au kukohoa na kukosa pumzi akiwa amekaa, mshusheni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama dume mmemwona. Begi la fremu lijaze mchanga kilo 20, panda ngazi za uwanja wa mpira mpaka Oktoba, na buti uzivae leo usizivue.

Hela ziende kwenye buti, begi lenye fremu, na darubini ya 10x42. Nguo za mabaka achana nazo, juu utavaa rangi ya chungwa au ya waridi inayowaka, inchi za mraba 500 pamoja na kofia, ndiyo sheria. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kodi, simu haishiki kule. Cheti cha mafunzo ya uwindaji cha Iowa kinakubalika huku, kibebe.

.308 inatosha kabisa, risasi nzuri yenye uzito wa greni 165. Ila umezoea shotgani na mita hamsini. Fanya mazoezi ukiwa umekaa chini, begi mbele yako, mapigo ya moyo yako juu, siyo mezani. Umbali unaoweza kupiga sahani mara tano kwa tano, huo ndio mpaka wako, mita 200 au pungufu. Elki akipigwa vizuri anaweza kusimama kama hajasikia kitu. Akiwa bado amesimama, piga tena. Na kabla ya yote hesabu pembe: kwenye yuniti nyingi, yaani maeneo ya uwindaji yaliyogawanywa na jimbo, dume halali ni mwenye ncha nne au zaidi upande mmoja, au ile ncha ya juu ya jicho iwe na inchi tano au zaidi.

Hema msipige chini ya miti iliyokufa. Ukanda wa Trappers Lake uliungua 2002 na magogo bado yamesimama, upepo ukija yanaanguka usiku. Minyororo ya matairi wekeni garini hata kama mbingu haina wingu mnapoondoka, na gari liegesheni likitazama mteremko wa kutokea.

Mtoka_Iowa:
Nimepakua ramani ya barabara, nimeshafuta. Nimebaki na sehemu saba. Nikituma picha humu mtaniambia ipi ina wenye farasi?

Kigongo:
Usiweke hadharani, mkuu, kesho utakutana na nusu ya wasomaji huko. Nitumie faragha.