Viota vya Macronyx sharpei Kinangop: kinachoua ni mvua au malisho?

Nyikani_Nairobi: Wadau, kikundi chetu kinafuatilia viota vya Macronyx sharpei, yule ndege wa kifua cha manjano na kucha ndefu, huko Kinangop, nyanda za juu za Kenya. Mvua ikizidi viota vinaharibika, ukame ukija vinaharibika vilevile. Tupime nini ili tujue chanzo?

Shada: Mvua na malisho usivitenganishe. Huyu hujenga chini, kwenye shina la shada la nyasi ngumu. Shada likiwa zima, majani yaliyoinama hukinga mvua na jua na kumficha kunguru asione. Likiliwa mpaka shinani, makinda ambao bado hawana manyoya hulowa na kufa kwa baridi. Ukame nao hupunguza panzi na mbawakawa, kisha ng'ombe huletwa palepale kwa kuwa kwingine nyasi zimekwisha.

Kwa hiyo pima kimo cha nyasi kwenye kiota siku ileile unapokipata, halafu pima tena hatua ishirini kando, upande wowote, upate cha kulinganisha. Kipimamvua kisomwe kila siku saa tatu asubuhi. Jumla ya mwezi haikusaidii: manyunyu ya siku tatu mfululizo yanaweza kuua kuliko mvua kubwa ya saa moja, maana wadudu hujificha na mama hawezi kuwaacha makinda akatafute chakula.

Kokotoo: Msihesabu tu "viota 10, vimefaulu 6". Mnavyovipata vikiwa na makinda tayari vimeshapita siku za hatari, na vilivyoharibika mapema hamkuviona kabisa. Gawanya viota vilivyopotea kwa jumla ya siku mlizofuatilia kila kiota. Mfano: 4 kwa siku 100 ni 0.04, yaani kila siku kiota kina nafasi ya 0.96. Kama mzunguko, tangu mayai mpaka makinda watoke, ni siku 26, zidisha 0.96 kwa 0.96 mpaka zitimie 0.96 ishirini na sita (0.96 kwa kipeo cha 26): mnabaki na asilimia 35 hivi. Fanyeni hesabu hiyo kando kwa siku za mayai na siku za makinda. Na msikague kiota mvua ikinyesha, wala msiache njia iliyokanyagwa ikaishia kwenye kiota.

Mfereji: Nyongeza tu: kufungia ng'ombe nje kabisa si dawa. Ndege huyu hutembea akitafuta chakula, anataka nyasi fupi katikati ya mashada. Mwambieni mwenye shamba asing'oe mashada wala kuchoma, na ng'ombe wazungushwe, sehemu yenye viota ipumzishwe mpaka makinda watoke. Palipolimwa viazi au kupandwa mikaratusi, hata kipimamvua hakina kazi.

Nyikani_Nairobi: Asanteni. Rula na daftari la siku za viota vinaanza mvua zijazo.