Samaki gani huyu kwenye faranga 5 ya Komoro?

kibindo_chenji: Wakuu habari za jioni. Shemeji katoka Moroni kaniletea chenji za huko, moja imenikamata, faranga 5 ya 1984, kubwa ila nyepesi kama kifuniko cha soda maana ni alumini tupu, ina samaki mnene ana mapezi yaliyotoka kama vijimguu. Komoro wana jodari, wana nguru, kwa nini wamweke huyu mwenye sura mbaya hivi?

mpwani_halisi: Huyo silikanti mkuu, wenyewe wanamwita gombesa. Wanasayansi walijua kaisha na dinosau zamani huko, 1938 akanaswa mmoja Afrika Kusini, basi profesa J.L.B. Smith akahangaika miaka 14 kumpata wa pili, akamwaga vipeperushi na zawadi ya pauni 100, ndo Desemba 1952 mvuvi wa Domoni kule kisiwa cha Nzwani, Komoro, Ahamadi Abdallah, akamvuta mmoja usiku kwa mshipi. Waziri mkuu wa Afrika Kusini, Malan, akampa Smith ndege ya jeshi akamchukue. Wafaransa ndo walikuwa wanatawala visiwa, walinuna hao, wakafungia watafiti wa nje. Sasa una samaki mwenye stori hiyo utaweka nguru?

bi_mkora: Mi kinachonichekesha sarafu hiyo ilitolewa kwa ajili ya mkutano wa dunia wa uvuvi, ule wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, Roma 1984, halafu samaki mwenyewe haliwi 😂 nyama mafuta matupu, ukijitia kula utashinda chooni. Wavuvi wanamnasa kwa bahati mbaya tu wakitafuta samaki wengine wa kina kirefu. Bora faranga 25, wameweka kuku na vifaranga, hapo hata njaa inaelewa.

kibindo_chenji: Duh. Na bado inanunua kitu?

bi_mkora: Hela yao imefungwa kwenye yuro, yuro moja ni kama faranga 492, kwa hiyo hiyo yako ni senti moja ya yuro. Weka kumbukumbu tu kaka.

tanga_line: Msisahau na Tanga tunaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanza kuingia kwenye majarife, mpaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Ila kwenye sarafu hatujampa nafasi, samaki wetu alikuwa yule sulisuli wa senti 5 ya 1966, wenye umri wao wanamkumbuka.